Nani Alimwosha Mama

Nyumbani, 9 Januari

Mume wangu mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba naitanguliza hapa mwanzoni, maana shikamoo yako najua iko njiani na mimi sina subira ya kuingoja.

Huku tupo. Nikisema "tupo" ujue ni mimi, cherehani, na paka mmoja aliyejileta mwenyewe na sasa anajifanya mwenye nyumba. Mvua imepata upenyo juu ya kitanda chako, nimekisogeza ukutani. Wakati mwingine najikuta nimekitandika upya, kama vile unarudi jioni.

Kazi ipo. Nashona kanzu mpya za watumikiaji wa altare, na vitoto vyenyewe havitulii kupimwa, ukishika bega mguu umekwenda. Paroko mpya naye amefika. Ni kijana, ukimwona utataka kumtuma dukani. Lakini kwenye kitubio hana haraka. Yule mzee aliyetangulia, hujamaliza kutaja dhambi ameshakupa Salamu Maria zako na unaondoka. Huyu anauliza swali, halafu ananyamaza akungoje. Sijui kama nimempenda.

Umeniuliza habari za Bibi Mkubwa. Dada yangu yupo. Ua ni lile lile tuliloachiwa na wazazi, mlango wake unaangaliana na wangu kama ulivyouacha, na salamu zako zimekwama katikati ya ua. Ukitaka zifike, mwandikie mwenyewe. Tuyaache hayo.

Sasa neno langu. Uliandika "nimepata kazi hospitalini", ukaweka nukta. Nukta hiyo inanisumbua. Hospitalini kuna daktari na kuna mfagiaji, wote ni wa Mungu, lakini mimi ninaulizwa. Katekista ameniuliza, mama wa kwaya ameniuliza. Nimewajibu kwamba uko karibu na madaktari. Sikusema uongo, au vipi?

Misa usikose. Rozari niliyokupa isiwe ya kuning'inia msumarini. Na umsalimie mke mwenzangu, yule mwalimu wako. Mwambie mimi ndiye mke mkubwa, asijisahau.

Ni mimi,
Bibi yako

*

Mjini, 2 Februari

Bibi, mke wangu wa ujana,

Milele na milele, amina. Na shikamoo yangu hiyo hapo, ingawa umeshailipa.

Mimi ni mzima. Chumba changu kiko juu ya duka la matairi, kwa hiyo harufu ya mpira hunitangulia kupanda ngazi. Dirisha linaangalia ukuta wa jirani, na kuna mtu ameanika soksi moja pale tangu nihamie. Nimeizoea kiasi kwamba nikirudi naiangalia kwanza kama bado ipo.

Yule kinyozi tuliyekuwa tukigawana chumba amehama. Amesema amepata mahali karibu na kazi yake. Kazi yake, Bibi, iko ng'ambo ya barabara, ukipiga chafya hapa anakuombea afya kule. Lakini amehama. Sasa nina nafasi ya kunyoosha miguu.

Mke mwenzako hajambo, nadhani. Tumepumzika kidogo.

Kazi yenyewe ni ya kuosha na kutunza. Kitengo chetu kiko nyuma, pembeni ya bustani, mahali pametulia. Ninaowahudumia ni wapole, hawalalamiki. Waambie hivyo wanaokuuliza.

Jambo moja linanikera. Jumapili nyingi zamu inaniangukia mimi, kwa sababu wenzangu wana watoto na wake, na mimi sina wa kunidai. Misa naipata siku za kazi, jioni, katika kanisa kubwa ambalo kila mtu amekaa benchi lake kama kisiwa. Padre akisema tutakiane amani, wa mbele yangu hunipa vidole viwili bila kugeuka. Nikitoka, hakuna anayejua kama nilikuwemo. Kule nyumbani nikikosa Misa moja watu watatu walikuwa wanagonga mlango kuuliza naumwa nini. Bibi, mtu anawezaje kuwa mwema mahali ambapo hata akiwa mbaya hakuna atakayejua? Wewe una siri yako. Kila mtu pale nyumbani anasema wewe umeshafika nusu ya njia ya mbinguni. Niambie ulianzia wapi.

Msalimie Bibi Mkubwa. Najua. Msalimie tu.

Mumeo

*

Nyumbani, Jumatano ya pili ya Kwaresima, 6 Machi

Mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imesomwa mara ya kwanza na mimi, mara ya pili na mimi, na paka akaikalia. Tunaendelea. Cherehani inakohoa lakini haijalala. Kanzu zimekwisha, mtoto mmoja kaikanyaga yake akaanguka na chetezo cha ubani mbele ya watu wote, kanisa zima likapiga chafya. Hayo nimesimuliwa. Mimi siku hizi miguu inauma, Misa za asubuhi siendi.

Unaniuliza nilianzia wapi. Watu wakikuambia mtu fulani ameshafika nusu ya njia, waulize kama waliwahi kulala nyumbani kwake. Mimi ninajua kitu kimoja tu, nilichofundishwa na mama yangu: anza na kilicho mkononi. Ukishona, shona hata upindo ambao hakuna atakayeugeuza kuutazama. Ukimpa mtu maji, suuza kikombe kwanza. Mambo makubwa ya utakatifu waachie wanaochorwa kwenye vioo vya kanisa. Wewe na mimi tuna vikombe.

Ni rahisi kuandika. Naandika haya na chai yangu imepoa mbele yangu, na mlango niliokaa kuuangalia umefungwa.

Paroko alikuja kunijulia hali ya miguu. Alikaa pale unapokaa wewe, akaangalia miguu yangu, akaangalia ua, akaangalia mlango wa upande wa pili. Sikumwongezea kikombe cha pili.

Sasa wewe. "Tumepumzika kidogo." Kupumzika ni kwa mtu aliyebeba mzigo. Mlikuwa mmebeba nini? Na wagonjwa gani hao wasiolalamika? Nimelala hospitali, nimewaona wagonjwa. Hakuna mgonjwa asiyelalamika. Hata babu yako, Mungu amrehemu, mtu ambaye hakusema maneno kumi kwa wiki, alipolazwa alilalamikia mto, chumvi, na mguu wa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Nilikulea mimi. Nilijua umekojoa kitandani kwa jinsi ulivyosema shikamoo. Niandikie vizuri.

Bibi yako

*

Mjini, 30 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa. Nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara nikafika kwenye salamu nikaishiwa maneno. Mimi ni mzima. Soksi ilianguka na upepo, asubuhi nikaikuta imerudishwa kambani, kwa hiyo kuna mtu anaishi mle.

Bibi, nafanya kazi chumba cha maiti.

Nawapokea, nawaosha, nawavalisha, nawapanga kwenye majokofu, nawatoa wenyewe wakija. Hiyo ndiyo kazi. Niliipata kwa sababu haikuwa na foleni.

Kinyozi alijua siku alipopita langoni kwetu akanikuta na magwanda, nimeshika upande mmoja wa jeneza. Jioni alikuwa anakunja godoro lake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mbona hata hatujazungumza?"

Akasema, "Sikuchukii. Lakini kijiko tunachotumia ni kimoja."

"Kijiko naosha."

"Najua unaosha. Tatizo ni kwamba unaosha."

Akaniachia kile kijiko. Bado ninacho.

Mwalimu nilimwambia mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi nje ya shule yake, wanafunzi wamekwisha kuondoka. Akauliza, "Unawashika kwa mikono hiyo?" Nikasema navaa glavu. Akasema, "Sikuulizi glavu. Nauliza mikono hiyo." Nikasema ndiyo. Hakupiga kelele, hakulia. Mikono yake iliyokuwa juu ya mapaja aliiingiza ndani ya mkoba, akaifungia huko kama vitu vya thamani. Tangu siku hiyo sijamtafuta, naye hajanitafuta.

Ningeacha kazi, Bibi. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Lakini wiki hiyo hiyo aliletwa mwanamke mmoja kutoka kituo cha mabasi, ameanguka akafa palepale, hana kitambulisho, hana aliyemfahamu. Alikuwa amepaka rangi nyekundu kucha za mguu mmoja tu, kama mtu aliyeitwa katikati ya kazi. Msimamizi wangu akasema, "Huyu hana watu. Pitisha mpira wa maji, inatosha." Si mtu mbaya, msimamizi. Amechoka tu, na walio na watu walikuwa wanangoja nje wanagombana.

Nilichukua mpira wa maji. Nikaushika. Halafu nikauweka chini nikachukua beseni.

Nilimwosha kuanzia kichwani kama ulivyokuwa unaniogesha mimi, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Nikamwombea raha ya milele, kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuitikia na nilitaka walau asikike mtu. Nilipofika miguuni kwenye zile kucha, nikashindwa kuendelea.

Mama alifia mbali. Habari ilitufikia kwa mdomo wa mpita njia, ameshazikwa na wasiomjua. Hujawahi kuniambia zaidi ya hapo na sijawahi kuuliza, kwa sababu ukisikia jina lake unaondoka chumbani. Lakini siku ile nilijiuliza: nani alimwosha mama? Alitumia beseni, au alipitisha mpira wa maji? Ndipo nikajua siachi kazi hii. Yeyote anayeletwa kwangu akiwa peke yake namwosha kama ningetaka yule mtu, popote alipo, awe alimwosha mama.

Hilo ndilo nililokuwa sisemi. Sasa na mimi nikuulize. Miguu iliyonibeba mgongoni hadi zahanati na kurudi, leo inashindwa na kanisa lililo nyuma ya nyumba?

Mumeo, kama bado unanitaka

*

Mjini, 11 Mei

Bibi,

Shikamoo. Pasaka imepita. Nilikwenda mkesha, nikashika mshumaa wangu, mtu wa pembeni akanipa moto bila kuniangalia usoni, nami nikampa mwingine. Nilifurahi hata hivyo. Nilitaka kukusimulia.

Hujanijibu. Mwanzoni nilisema ni posta. Halafu nikasema ni miguu. Sasa nadhani ni mimi. Kama umekasirika, niandikie hiyo hasira, nitaisoma. Kinyozi aliniachia kijiko. Wewe hujaniachia hata kitu cha kushika.

Jana alikuja mzee kumchukua mdogo wake. Alisimama kwenye baraza letu amevaa suti, akakataa kuingia. Watoto wa ndugu wakamsihi, akakataa. Nikatoka nikamwuliza kama anahitaji maji. Akaniambia, "Hatukuwa tunasemeshana. Nikiingia nitamwambia nini?" Nikamwambia huku ndani hakuna anayelazimika kusema. Akaniangalia sana. Akasema, "Utaingia na mimi?"

Tukaingia. Nilikuwa nimeshamvalisha yule marehemu, nimebakiza vifungo vya shati. Mzee akasema vifungo vile atafunga yeye. Kifungo kikakataa tundu. Akajaribu, akajaribu. Mwishowe akaweka kiganja juu ya kifua cha mdogo wake akakiacha pale, akasema, "Shati lenyewe nilimnunulia mimi, zamani. Kumbe alilitunza."

Nikamfungia vifungo. Hakuondoa mkono, ikabidi nipite chini ya vidole vyake.

Sina neno la kuongeza. Nilikuwa nataka kumwambia mtu, na mtu wangu ni wewe.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 4 Julai

Mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Marahaba zote ulizonidai miezi hii, zipokee kwa pamoja.

Sisi ni wazima. Sasa hivi nikisema "sisi" nina maana nyingine, utaiona. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa. Bati limezibwa.

Sikukunyamazia kwa sababu ya kazi yako. Nilikasirika, ndiyo. Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye swali lako nikaikunja nikaitia chini ya cherehani, nikashona juu yake siku nzima kitambaa kisicho cha mtu. Nilijiambia mtoto huyu ana ukatili. Swali hilo mimi nililala nalo na kuamka nalo tangu hujaanza kusema "bibi". Kichwani mwangu nilimwona mama yako katika kila hali ambayo mzazi hapaswi kumwona mwanawe. Nilimwona ametupwa. Nilimwona amelazwa chini ana vumbi usoni na watu wanapita. Sikuwahi hata mara moja kumwona mtu amepiga magoti na beseni. Halikunijia. Wewe ndiye uliyeniletea, na mimi nikakasirika, maana mtu akizoea maumivu yake, anayeyapunguza anaonekana mwizi.

Nikueleze la miguu. Miguu yangu ni mizima. Kabla ya Kwaresima nilikwenda kitubio, paroko akaniuliza kama kuna mtu nisiyesema naye. Akanyamaza, akangoja. Nikamwambia. Akanipa malipizi: "Vuka ua, umsalimie dada yako." Nikamwambia, "Padre, nipe rozari. Nipe hata kumi." Akasema, "Rozari unazipenda, Bibi. Hayo si malipizi." Kijana yule! Nikatoka. Sikuvuka. Basi sikuweza kwenda kupokea Komunyo, nikabaki benchini wenzangu wakipanga mstari, mama wa kwaya akageuka kunitazama. Siku ya pili nikaona afadhali miguu iume.

Ulijua tu kwamba mama yako aliondoka akakuacha hujaanza kusimama. Hukujua kwamba alfajiri ile, wakati mimi nimelala, dada yangu ndiye aliyemfungulia geti, na ndiye aliyembebea mzigo mpaka barabarani. Nilimwambia siku habari ya msiba ilipofika: "Wewe ndiye uliyemtoa." Nikafunga mlango. Tukaombolezea ndani ya mlango wangu, yeye nje. Kanisani padre akisema tutakiane amani, nimekuwa hodari wa kugeukia upande mwingine. Ndiye huyo mtu mliyesema amefika nusu ya njia.

Barua yako ya yule mzee wa vifungo ilinikuta nakata kitambaa. Niliisoma, nikaweka mkasi chini, nikavuka ua bila hata kuvua tepu shingoni, maana ningeivua ningerudi. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Ananijua kwa kikohozi, mtu huyo. Nikasema, "Mdogo wako."

Kisha akasema, "Nimechoka. Njoo kesho."

Nikarudi nikicheka kwa hasira. Kesho yake nikaenda, akasema anapika. Nikasema nasikia huo upishi ulivyo kimya. Nikaketi kizingitini kwake, nikasema leo sitoki, watu watapita watatuona, na wewe unapenda kusifiwa kama mimi. Akafungua.

Amezeeka, mume wangu. Kila siku namwona ng'ambo ya ua na sikujua amezeeka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsamehe, nimeyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho. Hakuyangoja. Alisema, "Ulikaa matanga ukanifungia mlango. Na mimi nilimlea yule mtoto. Alijifunza kutembea kwa kushika nguo yangu. Mimi nilimlilia wapi? Hebu niambie, nilimlilia wapi?"

Niliyaacha yale maneno yangu. Nilimwuliza kwa nini alimfungulia. Akasema, "Kwa sababu angeruka ukuta. Nikaona afadhali atoke kwa geti, na mtu amuage. Nilimwambia awe anakuandikia. Akaniambia ataandika akiwa na habari njema."

Mama yako hakuandika kamwe. Sikuwa na habari hiyo, kwamba alikuwa anangoja habari njema.

Tulilia. Usifikiri yamekwisha. Juzi tumegombana tena, anasema mama yako alinipenda mimi zaidi, mimi nasema alimpenda yeye, tukaongea kwa ukali mpaka paka akahama. Kuna siku nikivuka ua nahisi miguu inauma kweli. Lakini navuka. Naona malipizi haya si ya siku moja, yule kijana alinidanganya. Jumapili tulikwenda pamoja, tukakaa benchi moja, nikapokea. Wakati wa amani sikujua namna ya kumshika, nikamshika kiwiko.

Baada ya Misa mama wa kwaya akaniuliza tena ya kazi yako. Nikamwambia, "Mjukuu wangu anaosha wafu." Akarudi nyuma. Dada yangu, ambaye hakuwa anajua, akasema bila kumeza mate, "Na wewe utaoshwa na nani, dada, kama si mtu kama huyo?" Sijamsikia akisema neno nililolipenda hivyo.

Yule mwalimu na mikono yake simhukumu. Mimi mwenyewe mikono yangu niliifungia mahali kwa miaka. Lakini inaniuma kwamba unarudi chumbani peke yako na soksi ya jirani. Siwezi kuja kukaa nawe. Nakuombea kwa kukutaja, siku hizi tunakutaja wawili.

Nina swali, nalo dada yangu amesema nisiulize, lakini nauliza. Unapowaosha, maji ni ya moto au ya baridi? Mama yako hakuvumilia maji ya baridi. Alikuwa akipiga kelele mpaka wapita njia wanasimama.

Bibi yako, mke wako, na yule wa mlango wa pili anakusalimia

*

Mjini, 28 Julai

Bibi zangu,

Shikamooni. Barua hii ni ya wote wawili, isomwe kwa sauti, na msigombane nani aishike.

Mimi ni mzima. Nilisoma barua yenu kwenye benchi la bustanini, pembeni ya kitengo chetu, nikakosa chakula cha mchana. Bibi Mkubwa, nimefurahi kuzipata salamu zako. Sikumbuki mama, lakini sasa nina picha yake moja: ameshika nguo yako anajifunza kutembea. Ni picha nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Kwa kumfungulia geti sikuchukii. Nami nakushukuru kwamba alitoka akiwa ameagwa.

Huku hakuna kilichobadilika sana. Chumba bado ni cha mtu mmoja. Nimejaribu kumsalimia kinyozi, akaniitikia kutoka mlangoni pake, mkasi mkononi, akarudi ndani. Ni mwanzo, au ni mwisho, sijui. Jumapili zangu bado ni za zamu. Nimezoea kusali masomo ya siku kwenye korido kabla ya kufungua, na mara nyingi nasoma kwa sauti, kwa hiyo wenzangu wanasema nimeanza kuchanganyikiwa. Upweke upo, Bibi. Sitakudanganya tena kwa kuweka nukta. Kuna siku nikirudi nasema "hodi" kwenye chumba changu mwenyewe, ili nisikie neno hilo.

Umeniuliza maji.

Ni ya baridi. Bomba letu ni moja na linatoa ya baridi, na beseni zote tangu nianze nilizijaza hapo. Yule mwanamke wa kituo cha mabasi nilimwosha kwa maji ya baridi. Sikuwahi kufikiria. Nilidhani nimefanya yote.

Nilipomaliza kusoma barua yenu niliondoka benchini nikaenda jikoni kwa wauguzi kuomba birika la zamani wasilolitumia. Wakanipa. Halina mfuniko, lakini linachemsha. Siku hizi nikiingia zamu naliweka kwanza, nachanganya kwenye beseni, napima kwa kiwiko kama ulivyokuwa unanipimia mimi.

Msimamizi aliniona. Alisimama mlangoni, akaangalia mvuke, akaangalia meza.

Akauliza, "Kwani wanahisi?"

Nikasema, "Hapana."

"Sasa?"

Nikamwambia, "Bibi yangu ameuliza."

Mikono alikuwa ameiweka mifukoni, na nilidhani ataniambia nisipoteze umeme. Akaja akatia kidole ndani ya beseni.

"Ongeza kidogo," akasema. "Bado ni baridi."

Mjukuu wenu